Aliyeandika aweke jina lake

Mhariri,

Msomaji wako wa Jumanne alidai kwamba waasisi wa Marekani walishindana kwa hoja tupu, na matusi ya magazetini yakaja baadaye. Sikubaliani naye. Nimestaafu kazi ya kupanga chapa. Kwa miaka 22 niliokota herufi za madini ya risasi moja moja, nikisoma maneno kinyumenyume, na habari za wachapaji wa zamani huzifuatilia kuliko za marais.

Mwaka 1791 Thomas Jefferson, Waziri wa Mambo ya Nje, alimpa mshairi Philip Freneau ukarani wa kufasiri wizarani kwa dola 250 kwa mwaka. Alimwambia mapema kuwa kazi ni ndogo, haitamzuia kufanya shughuli nyingine. Shughuli hiyo ikawa gazeti, National Gazette la Philadelphia, lililomwandama Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, aliyekuwa akikaa na Jefferson baraza moja. Hamilton naye alikuwa na wake: John Fenno wa Gazette of the United States, aliyepata kazi za kuchapa za wizara yake. Julai 1792 Hamilton aliuliza humo kama mfasiri yule analipwa afasiri au aichafue serikali. Swali la haki kabisa. Ila chini yake, badala ya jina lake, aliweka herufi mbili tu: T.L.

Freneau ikambidi aende kuapa mbele ya meya kwamba Jefferson hakuwahi kumwandikia hata mstari mmoja. Rais Washington aliwasihi mawaziri wake kwa barua wavumiliane, wapi!

Wakubwa wanagombana, anayekwenda kula kiapo ni mtu wa gazeti. Hilo nalijua. Niliwahi kupanga makala isiyo na jina, na mtu aliyetukanwa akaja kiwandani na fimbo. Alinikuta mimi, vidole vyeusi kwa wino. Mwandishi alikuwa mji mwingine, anakunywa chai.

Kufika 1798 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Benjamin Franklin Bache wa gazeti la Aurora, mjukuu wa mwasisi Benjamin Franklin, alikamatwa Juni kwa kumkashifu Rais Adams, hata kabla sheria ya uchochezi, ya kuwaadhibu walioichafua serikali kwa maandishi, haijapitishwa mwezi uliofuata. Kesi haikusikilizwa. Homa ya manjano ilimuua Philadelphia tarehe 10 Septemba. Tarehe 14 ikamuua Fenno, hasimu wake, katika mji huohuo. Jefferson aliapishwa kuwa rais mwaka 1801.

Ombi langu, mhariri, linahusu ile safu yako ya maoni isiyo na jina. Mbunge au msaidizi wake akikuletea makala ya kumshambulia mwenzake, chapa jina lake kamili na cheo chake juu kabisa, kwa herufi nene. Vijana wako wa kiwandani wana watoto nyumbani.

Mpanga chapa mstaafu,
Tanga