KUH: Betri za stata (za kuwashia injini) nilizouziwa kama betri za mashua

Kwa Meneja wa Mauzo,
Eneo la Viwandani, Nairobi.

Bi/Bw. Meneja,

Karani wenu wa waranti amenirudishia betri mbili akisema nimeziua mwenyewe kwa kuziacha ziishe chaji. Sikubaliani naye hata kidogo.

Siku ya kununua nilimweleza muuzaji wenu waziwazi: betri ni za mashua ya matanga inayotia nanga Kilifi. Injini huwashwa wakati wa kuingia na kutoka tu. Kazi ya betri ni taa ya mlingotini usiku kucha, redio, friji ndogo na pampu ya kutoa maji ngamani, yaani chini kabisa ya mashua yanakokusanyika. Mzigo mdogo, saa nyingi. Akaniambia hizo ndizo zenyewe, akanionyesha kibandiko chenye picha ya nanga.

Chini ya picha hiyo pameandikwa CCA (ampea za kuwashia injini penye baridi) na tarakimu zake, basi. Hicho ni kipimo cha kupiga stata. Betri ya kazi ninayoihitaji huandikwa ampea-saa kwa kipimo cha saa 20: yenye ampea-saa 100 hutoa ampea 5 kwa saa 20. Ndani pia hazifanani. Ya stata ina bamba nyingi nyembamba, itoe umeme mwingi kwa ghafla kisha oltaneta, jenereta ya injini, iurudishe papo hapo. Ukiishusha hadi nusu kila usiku inachakaa upesi. Ya kustahimili hayo ina bamba nene, kama zile betri za sola mnazouza rafu ya pili.

Chaja mliyoniuzia pamoja nazo haipandi zaidi ya volti 13.8, nimeipima. Kiwango hicho kinafaa kuitunza betri iliyokwisha kujaa. Kuijaza betri ya risasi na asidi kwataka takriban 14.4, ikae hapo saa kadhaa, ndipo ishushwe. Kwa jenereta ya saa mbili tatu jioni, chaja hii haiwezi kuijaza, na betri isiyojazwa huganda salfeti kwenye bamba, ikapoteza nguvu.

Halafu fundi wenu. Aliichomoa betri kwenye chaja, akaweka mita hapo hapo, ikasoma 13.1, akasema, "Hii ni nzima, mzee." Betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi lazima isome juu. Ilipaswa kupumzishwa au kuwekewa mzigo. Niliipumzisha hadi asubuhi ikasoma 12.2, karibu nusu ya chaji. Na iweje betri iwe nzima kwa fundi, na kwa karani niwe nimeiua?

Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya bidhaa bora na ya maelezo ninayohitaji ili niitumie vyema. Sikupewa lolote kati ya hayo mawili. Pampu ya ngama ikinyamaza usiku, watu wamelala huku maji yanapanda. Ndiyo maana nimekasirika hivi.

Naomba, katika siku 14, mnibadilishie betri hizo kwa zenye bamba nene na ampea-saa zilizoandikwa, pamoja na chaja inayofaa, au mnirudishie pesa zote. Ondoeni pia kile kibandiko cha nanga kwenye betri za stata, maana wavuvi nao hununua kwenu. Msiponijibu, nitapeleka malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za vibandiko na za mita.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Nairobi