Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Timu ya Besiboli ya Vijana, Tabora

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma mkidhani siwaoni: hamjambo.

Mwaka jana nilisimama hapa kueleza kwa nini hatukushinda hata mechi moja. Mwaka huu tumeshinda moja. Mnaotaka kucheka, chekeni sasa, kisha mnivumilie niielezee hiyo moja kwa kirefu.

Nianze na fedha ili tuzimalize. Hesabu atazisoma mweka hazina na nakala mnazo. Langu ni moja tu: wasiolipa ada ndio wanaoongoza kudai jezi mpya.

Vifaa bado ni tatizo. Glovu hazitoshi, kwa hiyo timu inayotoka kudaka inawavulia wapinzani nao wadake. Fundi viatu wa Ng'ambo ametushonea nyingine kwa ngozi ya mabegi makuukuu. Ngumu kama kwato, ila mpira zinashika. Seremala naye alituchongea gongo la mninga. Ukiliona utatamani kuliweka sebuleni, lakini ni zito mno. Mtoto akimaliza kulizungusha mpira umeshapita kitambo, tumelibakiza la kukomaza mikono. Na kosa langu nalikiri: barua ya kuomba uwanja niliipa kichwa cha habari "Mazoezi ya gongo kwa vijana". Ilikwama kwenye meza ya watu hadi nilipokwenda mwenyewe kueleza kwamba ni gongo la kupigia, si lile la kunywa.

Lipo pia suala la kuinama. Besiboli hapa nchini imesukumwa sana na Wajapani, wakianzia na shule za Dar es Salaam, na kwao mchezaji huuinamia uwanja kabla na baada ya kucheza. Vijana wetu waliiga. Wazee wawili wakanifuata baada ya swala, kwa adabu kabisa, wakaniuliza watoto wanamwinamia nani. Tulikaa tukakubaliana: sasa wanavua kofia na kusema kwa sauti moja, "Asante uwanja." Mimi naona imependeza zaidi.

Sasa timu yenyewe. Besiboli ina wadakaji tisa uwanjani. Mpaka mwezi wa tano mpira ukimponyoka mmoja, wanane walikuwa wanamnyooshea kidole, na mpira unajiviringishia zake kwenye majani bila mtu wa kuufuata. Binti yetu anayetupa, aliyejifunza shabaha kwenye rede huko Isevya, alikuwa akishakosea mara mbili anaangalia chini na hatupi tena kwa nguvu. Kwa vipimo vya wakubwa mtupaji na mpigaji wametengana mita 18.44. Kwake siku hizo zilikuwa kama kutoka hapa mpaka Urambo.

Kocha akaja na zoezi ambalo nakiri nililidharau. Kila mpira unaotupwa kwenda besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, mdakaji wa upande wa kulia nyuma akimbie kwenda kusimama nyuma ya besi hiyo, pengine utapita. Upande wa kulia ndiko tulikokuwa tunamweka mtoto tusiyejua tumweke wapi. Mwaka huu alikuwa kijana wa Kanyenye, mfupi, ambaye mimi mwenyewe nilishauri aachwe. Akawa anakimbia. Mpira unadakwa salama, yeye anarudi mahali pake. Unatupwa mwingine, anakimbia tena. Miezi mitatu hakuna mpira hata mmoja uliomfikia, na wenzake wakambatiza jina Daladala, kwa kuwa anakwenda na kurudi bila abiria.

Mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya wageni wenye helmeti mpya na kocha wawili. Awamu ya mwisho tunaongoza 5 kwa 4, tumeshawatoa wawili, tunamhitaji mmoja. Mpigaji wao akauchapa chinichini, wetu akauokota vizuri, na kwa haraka ya furaha akautupa juu ya kichwa cha mdakaji wa besi ya kwanza. Mwaka jana hapo ndipo tungefia. Yule mpigaji, ambaye sasa ndiye mkimbiaji, akauona mpira umepita, akakata kona kuitafuta besi ya pili. Hakujua kwamba Daladala yuko palepale. Aliudaka baada ya mruko mmoja, akautupa besi ya pili, jamaa akaguswa kwa mpira akiwa bado hatua mbili. Auti. Nilipotazama, vijana hawakumkimbilia mtupaji wala aliyemgusa mkimbiaji. Wote walikwenda kulia, na wa kwanza kufika alikuwa yule aliyekosea kutupa.

Wiki iliyofuata tulifungwa 11 kwa 2. Lakini vidole havikunyooshwa, na binti yetu alitupa kwa nguvu ileile mpaka mpira wa mwisho.

Kwa wazazi wanaoniuliza kwa nini mtoto wao anakosa kila mara: mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi anahesabiwa hodari, hata Japani na Marekani. Kwenye mtihani wa kidato cha nne alama 30 ni D ya kuponea chupuchupu, najua, na ndiyo maana watoto wanatoka pale wameinamisha vichwa. Msiwapokee nyumbani kwa swali la "umepiga ngapi". Waulizeni walikimbilia wapi mpira ulipopigwa.

Nimwombe radhi kijana wa Kanyenye mbele yenu, kama nilivyokwisha kumwomba faragha. Ametaka acheze tena upande wa kulia mwakani. Kocha amekubali.

Mwisho, glovu mbili hazijarudi stoo tangu likizo. Ninajua ziko nyumba gani. Nasubiri zije zenyewe kabla ya mazoezi ya Jumamosi.