Shangazi, nyonga zangu nizifiche au niziachie?

Shikamoo Shangazi,

Nimekusoma kwa miaka mingi bila kukuandikia, kwa sababu shida zangu za mapenzi nilizitatua mwenyewe, au zilijitatua. Hii ya sasa imenishinda. Nina umri wa miaka 29, nafanya kazi ya uhasibu hapa Nairobi, naishi Umoja, na Desemba hii naolewa. Mchumba wangu hana neno. Wazazi wameelewana, ruracio, yaani sherehe ya mahari, imefanyika na mbuzi wameliwa. Kinachoninyima usingizi ni gauni.

Nikueleze nilivyo. Kifua inchi 34, kiuno 28, nyonga 44. Urefu futi tano na inchi mbili. Mabega yangu ni membamba, kwa hivyo ukinikuta nimeketi nyuma ya meza ofisini utadhani mimi ni kijidada fulani tu, hadi nisimame. Waandishi wa mitindo huliita hili umbo la peasi. Mtaani wanaliita baraka, na makondakta wa matatu wana majina mengine ambayo siwezi kukuandikia wewe mtu mzima. Nimekua nikisifiwa kwa mwili huu, tangu kwa nyanya yangu mzaa mama. Ndiyo maana nashangaa: tangu nianze kutafuta gauni, kila mtu anaongea kuhusu nyonga zangu kana kwamba ni jeraha linalotafutiwa bandeji.

Nilianza na maduka ya kukodisha magauni pale katikati ya jiji. Yamepangwa kwa namba, na aliyetunga hizo namba alikuwa na mwanamke wake akilini ambaye juu na chini vinalingana. Gauni linalonikaa kifuani halipiti nyongani. Linalopita nyongani linapwaya juu hadi ningeweza kuweka simu na kitambulisho humo ndani na nafasi ibaki. Mhudumu anakusanya ziada mgongoni kwa vibanio, ananigeuza kwenye kioo, anasema, "Maharusi, umeweza!" Ni kweli, kwa mbele. Kulikata lipungue kifuani na kiunoni hawakubali, na siwalaumu, maana wiki inayofuata linavaliwa na mwingine. Yale ya kufungwa kwa kamba mgongoni yana nafuu kidogo kwa sababu unayakaza juu upendavyo, lakini kamba haziongezi kitambaa chini.

Sasa hapo ndipo wifi yangu mtarajiwa alipoingia. Yeye ndiye anayesimamia mavazi kwenye kamati ya harusi, na bila kuniuliza akachagua gauni la mkia wa samaki, lile linalobana kuanzia kifuani hadi magotini halafu linafumuka. Satini ya kung'aa, mabega wazi. Akatanguliza shilingi 10,000, na duka likasema pesa hizo hazirudi hata iweje. Aliliona la saizi kubwa, akawaomba wakaze kamba mgongoni, likanishika.

Na sitakudanganya Shangazi, nilipolivaa nilijitazama nikanyamaza. Lilinitoa. Wasichana wawili waliokuwa wakisubiri zamu walipiga vigelegele. Halafu nikajaribu kuketi. Nilikaa kwa upande mmoja, mguu umenyooka, kitambaa kimevutika mapajani hadi kikaonyesha mshono wa nguo ya ndani. Harusi yetu ni ya Misa. Tutapiga magoti, tutasimama, tutaketi, tutapiga tena magoti, na nyuma yetu kanisa zima linatazama. Baada ya hapo kuna kupanda gari, na kuna kuingia ukumbini, ambako unajua kwetu bi harusi haingii kwa kutembea, anaingia akicheza. Satini nayo ina tabia yake: taa ya kamera ikiipiga, mng'ao wote unaenda kutua pale palipojaa. Picha hizo zitakaa ukutani kwa mama mkwe miaka yote.

Mama yangu mzazi anataka gauni la malkia, lile pana lenye gagulo la matabaka ndani. Sababu yake ni moja: linafunika kila kitu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Hata padri ni binadamu." Nililijaribu kumridhisha. Kwa kimo changu nilimezwa, likawa ni gauni linatembea na kichwa juu yake. Halafu marinda yake yote yanaanzia kiunoni, na kitambaa kile chote kinarundikana pale pale ambapo Mungu alishanirundikia. Rafiki yangu mrefu alivaa la namna hiyo Aprili akapendeza sana, kwa hivyo silikatai kwa kila mtu.

Matroni wangu yeye alipendekeza lile la kukatwa chini ya matiti kisha linaachiwa lidondoke. Hilo sikulijaribu. Kitu kimoja ninachojivunia ni kiuno, na gauni hilo linakiruka kabisa. Tena ukiwa na nyonga kama zangu linaning'inia mbele kiasi kwamba kanisani wataanza kuhesabu miezi kwa vidole.

Mchumba wangu nilipomuuliza alisema hata nikivaa leso atanioa. Ni maneno matamu lakini hayanisaidii kwa fundi.

Maana fundi nimempata, Kenyatta Market, mama mmoja mtulivu anayeshona magauni ya harusi tu. Alinipima nikiwa nimesimama, akaandika 44. Kisha akavuta kigoda, akaniambia niketi, akapitisha tepu tena nyongani. Ikasoma 46. Akafuta ile 44 kwa kidole chenye mate, akaandika 46. "Hapo kwenye duka walikupima ukiwa umesimama," akaniambia, na hakuuliza, alikuwa anajua.

Ushauri wake ni mkato wa A. Gauni linashika kifua na kiuno sawasawa, halafu linafunguka polepole kwenda chini bila marinda. Mishono inatoka kifuani hadi kwenye pindo moja kwa moja, haikatizwi kiunoni, na mistari hiyo ya wima inamrefusha mtu mfupi. Kitambaa anataka mikado, kizito, chenye mng'ao wa mbali tu, kwa sababu kinasimama chenyewe na hakilambi mapaja. Satini nyepesi hataki hata kuisikia, hasa ikikatwa mshazari, maana hapo inafuata kila kona ya mwili. Juu ataweka lesi na shanga chache, shingo iwe pana kutoka bega hadi bega, mikono ifike kwenye viwiko, ili mabega yangu yapate upana wa kulingana na chini. Parokia yetu hairuhusu mabega wazi madhabahuni, kwa hivyo hapo kanisa na fundi wanaongea lugha moja, na lile la wifi lingehitaji koti juu yake. Ndani ya mishono ataacha akiba ya inchi moja, nikinenepa kabla ya Desemba atalegeza. (Nitanenepa. Kamati inakutana kwenye nyama choma.)

Unaona basi, akili inaniambia A. Kinachonikera ni sababu ninazopewa. Kila anayeusifu mkato huo kwa watu wa umbo langu anamalizia na "utaficha nyonga". Nani alisema nataka kuzificha? Nimesoma kidogo. Jina hilo la A lilienea kutokana na mkusanyo wa mbunifu wa mavazi Christian Dior wa mwaka 1955, na Dior huyo huyo mwaka 1947 alikuwa amewatikisa watu Paris kwa kubana kiuno na kutia pedi nyongani ili mwanamke aonekane amejaa. Catherine alipoolewa na Prince William mwaka 2011, gauni lake lililobuniwa na Sarah Burton wa jumba la mitindo la Alexander McQueen lilibanwa kiunoni na kutiwa pedi nyongani pia. Yaani waliozikosa wanashonewa, halafu mimi niliyepewa bure ndiye wa kuambiwa nifunike.

Kuna njia ya katikati ambayo fundi ameitaja bila furaha: mtindo wa tarumbeta. Unafuata nyonga, halafu unafunguka katikati ya paja badala ya kusubiri magotini. Anasema kwa krepu nzito yenye bitana imara utakaa vizuri, na magoti yatapata nafasi ya kupiga. Ila ameonya kwamba mahali pa kufungukia ni pa kupimwa kwa uangalifu sana, kwa sababu ukianzia pale paja lilipo nene zaidi, unaongeza upana juu ya upana. Na krepu haisamehi kama mikado. Nimepita Biashara Street nikavishika vyote viwili mkononi na bado sijanunua.

Upande wa pesa, kamati ilitenga shilingi 40,000 kwa gauni. Elfu kumi za wifi zimekwenda. Kitambaa na ufundi vitakula 35,000, na hizo elfu tano zinazopungua nitatoa mfukoni mwangu. Pesa si tatizo kubwa. Tatizo ni wifi mwenyewe. Ndiye kifungua mimba kwao, ndiye aliyemlipia mchumba wangu karo ya sekondari baba yao alipopoteza kazi, na ameshapiga picha za lile gauni akawatumia shangazi zao wote. Nikimwambia silivai kabla hata sijaingia kwenye ukoo, nitaanza maisha na jina baya. Mchumba anasema nimwachie yeye aongee naye. Mimi namjua, atasema kwa sentensi moja simu ikiwa sikioni, kisha ataniachia moto.

Kwa hivyo naomba unisaidie na haya. Kwa mtu wa vipimo vyangu anayetaka nyonga zake zionekane kwa heshima, si zifichwe, utachagua A ya mikado au tarumbeta ya krepu? Na mkia wa gauni, ule unaoburutwa nyuma, uwe wa urefu gani? Fundi anasema mkia mrefu ukumbini hupandishwa na kufungwa nyuma kwa vifungo, yaani rundo la kitambaa juu ya makalio, na hapo kusema kweli sihitaji nyongeza. Wewe umeona harusi nyingi, uniambie kama mkia mfupi kanisani unaonekana ubahili.

Na la wifi: nimwendee mimi mwenyewe nyumbani kwake, au nimtume mama yangu, mtu mzima kwa mtu mzima? Nimefikiria pia kumwambia nitavaa gauni lake kwenye karamu ya jioni na langu kanisani, ila naogopa nitakuwa nimenunua amani kwa kushindwa kuketi usiku kucha.

Fundi ameniambia nirudi na jibu mwisho wa mwezi, kwa kuwa maharusi wa Desemba wameshaanza kupanga foleni.

Wako,
Bi Harusi Mtarajiwa, Umoja