Kuhusu sindano uliyoniulizia

Kihesa, Iringa
Julai

Kaka Ambokile,

Salamu nyingi. Huku baridi imekaba, maji ya bomba asubuhi hayashikiki, ila sote wazima.

Ujumbe wako nimeupata. Pale pa jogoo kutopanda mtungi nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Unataka nikutajie jina la sindano ninayochomwa, ile ya testosteroni, homoni ya kiume, ili uitafute hapo Mwanjelwa, Mbeya, kabla hujaondoka na lori la mzigo. Sikutajii, kaka. Si uchoyo. Mimi na wewe hatuumwi kitu kimoja.

Unakumbuka yale matumbwitumbwi yaliyonilaza tukiwa sekondari? Yalishuka hadi kwenye korodani. Neema na mdogo wake walizaliwa salama, lakini miaka ilivyokwenda nikawa sina nguvu, sina hamu, hata ndevu zikapungua. Daktari alipopima alikuta testosteroni iko chini, wakati LH, yaani homoni ya ubongo inayoziamuru korodani, iko juu. Amri inatolewa, korodani haziwezi tena. Ndiyo maana nachomwa.

Wewe na shemeji mnatafuta mtoto. Ukichomwa testosteroni, ubongo unaona iliyomo kwenye damu inatosha, unaacha kutoa amri, na mbegu zinapungua, kwa wengine mpaka sifuri. Shirika la Afya Duniani liliwahi hata kuijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume! Ukiacha, mbegu huweza kuchukua miezi mingi kurudi, wengine hupita mwaka. Sasa fikiria mama yako anavyomtazama shemeji kila mwezi, kumbe mwenye kufunga mlango ni wewe. Mwanaume anayetaka mtoto daktari huweza kumpa dawa nyingine, kama vidonge vya klomifeni au sindano za hCG, zinazoziamsha korodani badala ya kuzilaza.

Halafu nani amekuambia testosteroni yako iko chini? Jogoo akigoma, mara nyingi tatizo ni mishipa ya damu, sukari au presha. Pima na hivyo. Testosteroni yenyewe hupimwa asubuhi, kabla ya saa nne, hujala kitu, kwa sababu hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Kipimo kimoja hakitoshi, kirudiwe siku nyingine. Madaktari wa mfumo wa mkojo Marekani huhesabu chini ya nanogramu 300 kwa desilita kuwa ni kidogo, na dalili nazo ziwepo. Usiende kupima asubuhi uliyoingia kutoka Tunduma bila kulala, utapata namba ya uchovu.

Kulala ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Shemeji amemwambia mama Neema kwamba unakoroma kama lori linalopanda mlima Kitonga, kisha unanyamaza, pumzi inakata, halafu unashtuka ukitafuta hewa. Hilo mwambie daktari kabla ya hayo ya jogoo. Ni ugonjwa, una tiba, na unaendana na unene na testosteroni kushuka. Mwenye hali hiyo kali isiyotibiwa hashauriwi kuanzishiwa sindano hizi. Watafiti wa Chicago mwaka 2011 waliwalaza vijana wazima kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wewe siku za foleni ya mpakani unalala kwa muda wa saa ngapi?

Na kitambi, usinikasirikie. Mafuta ya mwilini huigeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Ukipungua uzito, testosteroni hupanda yenyewe. Kwa hiyo chipsi mayai za Makambako na soda mbili juu yake, ziache. Kula maharage, dagaa wa Kyela, mayai, mboga, parachichi. Zinki ya kwenye nyama na mbegu za maboga humsaidia aliyepungukiwa nayo, wala haimgeuzi mtu simba. Ndivyo ilivyo na mihogo mibichi na karanga: ni chakula kizuri, basi. Ulanzi ukija kwangu tutakunywa, ila si kwa ndoo.

Vumbi la Kongo, ule unga wa kuongeza nguvu za kiume, tupa. Unga wa aina hiyo mara nyingi hukutwa umechanganywa na sildenafili, yaani dawa ya Viagra, bila kuandikwa popote, na kwa mtu mwenye dawa za moyo aina ya naitreti hiyo huweza kuangusha presha mpaka akafa.

Usidhani mwenzako nastarehe. Dawa ni ya mafuta, na kwa baridi hii huwa nzito. Nesi huviringisha kichupa viganjani kwanza, kisha anaisukuma polepole kwenye tako mpaka natamani kuimba. Nyumbani narudi nimekaa upande kwenye bodaboda. Bado napimwa damu isije ikawa nzito kupita kiasi, maana hapo inaweza kuganda, na tezi dume nayo inafuatiliwa.

Mwombe tajiri siku chache za kupumzika, ulale, ndipo uende ukapime. Nenda na shemeji, naye apimwe, maana mtoto ni wa watu wawili. Majibu yakitoka yapige picha unitumie. Na ukishusha mzigo ukirudi, pitisha gunia la mchele wa Kyela, hela nitakurushia kwa simu.

Wako,
Baba Neema