Watu wa kazi wapo, serikali ziache kusema hawapatikani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako manake hii habari ya uhaba wa wafanyakazi kwenye sekta muhimu nimeisoma mpaka nimechoka. Kila serikali inalalamika, hospitali hazina wauguzi, malori hayana madereva, wazee hawana wa kuwahudumia, halafu waziri anasimama mbele ya kamera anasema watu hawapatikani, anaongea kama vile anatangaza ukame ambao hakuna aliyeuleta. Mimi ni muuguzi na nasema watu wapo. Kinachokosekana ni kazi ambayo mtu akiishika anaweza kudumu nayo.

Chukua Uingereza mwaka 2021. Mwezi wa tisa vituo vya mafuta vilikauka, foleni za magari zikazunguka mitaa, na mafuta yenyewe yalikuwepo kwenye maghala, ila madereva wa kuyapeleka hawakutosha. Chama cha wenye malori kilikadiria pengo la madereva kama 100,000 hivi. Wengine wakasema ni Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, wengine Covid, na kweli vyote vilichangia, madereva wengi wa Ulaya walirudi kwao na mitihani ya leseni ilikuwa imesimama miezi mingi. Lakini pengo lilikuwepo hata kabla ya hapo. Wastani wa umri wa madereva ulikuwa umeshapita miaka 50, maana yake vijana waliiangalia ile kazi zamani sana wakaipita, kwasababu dereva anaondoka nyumbani Jumatatu anarudi Ijumaa, analala ndani ya gari kando ya barabara, hana pa kuoga wala choo cha maana, na mshahara haukuwa wa kumfanya avumilie.

Serikali ikafanya nini, ikatoa viza 5,000 za muda mfupi kwa madereva wa mafuta na chakula, na mwanzoni walipanga ziishe mkesha wa Krismasi. Yaani mtu aache kazi yake kwao, aje kuziba pengo la wenzake kwa miezi miwili mitatu, halafu afungashe aondoke. Waliojitokeza wakawa wachache mno, ikabidi wanajeshi waingie kuendesha matenki ya mafuta mwezi wa kumi. Kilichosaidia kweli kilikuja taratibu: kampuni zikapandisha mishahara, nafasi za mitihani zikaongezwa, na kwenye bajeti ya mwaka ule zikatengwa pauni milioni 32.5 za kuboresha sehemu za madereva kupumzikia. Vyoo, bafu, pa kupaki kwa usalama, vitu ambavyo madereva walikuwa wanaviomba miaka yote na hakuna aliyewasikiliza mpaka pampu zilipokauka.

Kwenye huduma za wazee na wagonjwa majumbani ndiyo kulikuwa na uchungu zaidi. Nafasi wazi England zilifika kama 165,000 kipindi cha 2021 na 2022, na mwezi wa pili 2022 serikali ikafungua viza kwa watoa huduma hao kutoka nje. Wakaenda wengi, wakiwemo ndugu zetu wa Afrika. Shida ni kwamba ile viza ilimfunga mtu kwa mwajiri wake, akimlalamikia anaweza kupoteza kazi na kibali cha kukaa kwa pamoja, kwahiyo watu wananyamaza. Kuna waliouza kila kitu wakalipa maelfu ya pauni kwa maajenti, wamefika wanakuta kazi hakuna au ni ya masaa machache kwa wiki. Machi 2024 wapya wakazuiwa kwenda na wenzi na watoto wao. Julai 2025 mlango wa kuajiri wapya kutoka nje ukafungwa. Na ile kazi ya kumgeuza mzee kitandani, kumwogesha, kumlisha, kumsikiliza, inabaki kulipwa karibu na kima cha chini kabisa, ndiyo maana wenyeji walikuwa wameikimbia tangu mwanzo! Kilichobadilika ni nani anaifanya.

Sasa nieleze kwa ndani jinsi wodi inavyoishiwa watu, kwasababu naona wanaopanga bajeti hawaijui hii. Wodi ina wauguzi wake, mmoja anaondoka, tuseme kachoka au kapata kazi nje. Nafasi yake haijazwi, wanasema kibali cha kuajiri hakijatoka. Kazi yake haiondoki naye, inagawanywa kwa waliobaki. Kwahiyo waliobaki wanaongezewa zamu, likizo zinasogezwa mbele, usiku unajikuta peke yako na wodi nzima, huyu dripu imeisha, yule anatapika, kule mama ameanza kutokwa damu, ndugu wa mgonjwa wanakufokea na wana haki ya kufoka kwasababu mgonjwa wao kasubiri sana. Unakosea dozi kidogo unashtuka unaishika kabla haijamfikia mgonjwa, unarudi nyumbani huwezi kulala unafikiria ingekuwaje. Baada ya miezi kadhaa ya hivyo wa pili anaondoka. Wa tatu hachelewi. Na wanaoondoka mara nyingi ndio wazoefu, wale wa kumfundisha mgeni, kwahiyo hata wakileta vijana watatu wapya kutoka chuo hawana wa kuwashika mkono. Kwenye karatasi pengo limezibwa, wodini halijazibwa.

Ndiyo maana makofi hayakutusaidia. Mwaka 2020 watu walitoka milangoni kwao wakatupigia makofi, Uingereza ilikuwa kila Alhamisi usiku, na sidhani kuna muuguzi alichukia, wale watu walimaanisha. Lakini Machi mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ikapendekeza nyongeza ya asilimia 1 kwa wauguzi wa England, ikaja kupanda mpaka asilimia 3 baada ya kelele, na mwishoni mwa 2022 wauguzi wakaingia kwenye mgomo mkubwa kabisa katika historia ya chama chao. Watu walioitwa mashujaa walisimama nje ya hospitali kwenye baridi wakidai walipwe vizuri na wawe wa kutosha kwenye zamu.

Huku kwetu Afrika mambo yana sura nyingine na inauma zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema ifikapo 2030 dunia itapungukiwa wahudumu wa afya kama milioni 11, na pengo kubwa litakuwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Sasa nenda kwenye hizohizo nchi utakuta wauguzi na madaktari wenye vyeti na leseni wamekaa nyumbani, maana wodi inawahitaji ila Hazina ya serikali haijatenga mishahara yao. Kenya mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi mpaka Mei, na moja ya mambo makubwa lilikuwa madaktari wanagenzi waliokuwa wanasubiri kupangiwa vituo, mkataba wa 2017 uliwawekea kama shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema inaweza 70,000. Na nchi hiyohiyo mwaka 2021 ilisaini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi kule. Siwalaumu wanaoenda, hata kidogo, mtu ana watoto na wazazi wanamtegemea, lakini serikali haiwezi kulia haina wahudumu huku mkono mwingine unasaini karatasi ya kuwapeleka nje kwasababu imeshindwa kuwaajiri.

Wengine wakaja na dawa ya kuwafungia watu ndani. Nigeria 2023 ulipelekwa muswada bungeni wa kutaka madaktari wafanye kazi nchini miaka mitano ndipo wapate leseni kamili, na Zimbabwe mwaka huohuo makamu wa rais akazungumzia kufanya kosa la jinai kuajiri wahudumu wa afya kuwapeleka nje. Naelewa hasira yao, nchi imelipia masomo halafu tajiri anakuja kuvuna bure. Kuna mwongozo wa kimataifa tangu 2010 wa kuzuia nchi tajiri kuchota ovyo wahudumu wa nchi zenye upungufu mkubwa, ila ni wa hiari, hauna meno. Huo ndio wa kuutia nguvu, nchi inayochukua muuguzi ilipie kufundisha mwingine anakotoka. Kumbana muuguzi mwenyewe sikubali. Mkataba wa kutumikia miaka kadhaa baada ya kusomeshwa mimi hauna shida kwangu, ila uwe na pande mbili, na wewe serikali uniajiri siku niliyomaliza na unilipe tarehe ya mwezi.

Kitu kimoja nilikipenda ni cha Ujapani. Wale wana wazee wengi na vijana wachache, kwao upungufu wa watu ni wa kweli kabisa. Lakini Aprili 2024, wakati malori tayari yamekosa madereva, waliweka kikomo cha ovataimu ya madereva, masaa 960 kwa mwaka. Wafanyabiashara wakaogopa mizigo itachelewa. Bado ni masaa mengi, ila naona wamefikiri sawasawa, kwasababu kazi inayoua watu kwa uchovu haitapata vijana hata utangaze mpaka lini, na huwezi kusubiri watu watoshe kwanza ndipo upunguze masaa, hawatatosha.

Ninachoomba mimi ni kidogo na hakina gharama kubwa. Kila serikali ikitangaza pengo la wafanyakazi kwenye hospitali, malori, shule, umeme au popote, itangaze pamoja na hilo ni wangapi waliacha kazi hiyo mwaka uliopita, na kwanini. Barua za kuacha kazi zipo kwenye mafaili. Wenye leseni wasiofanya kazi wanajulikana, mabaraza yao yana majina na namba za simu. Wapigiwe waulizwe kitu gani kingewarudisha, kabla waziri hajasaini viza nyingine au muswada mwingine wa kuwabana.

Mimi sijaacha bado, na wakinipigia jibu langu liko tayari: zamu iishe saa iliyoandikwa kwenye ratiba, usiku niwe na mwenzangu wodini, na ovataimu ya mwezi huu ilipwe mwezi huu.

Wako,
Muuguzi, msomaji wako wa siku nyingi