Moshi wa taka ukishuka mtoni usiku, utarudi

Mhariri,

Mimi ni mlinzi wa usiku, mwaka wa tisa sasa, kwenye godauni linalotazama bonde la Mto Mathare. Nawaandikia majirani zangu wa huku juu: tafadhali acheni kuchoma taka usiku.

Najua kwa nini mnangoja giza liingie. Ikifika saa tatu, upepo wa mchana umetulia na moshi hauwaingilii madirishani. Unalala chini, unateremka polepole kuelekea mtoni. Mwenye taka akiuona umeshika njia, anafunga mlango na kulala fofofo. Mimi silali, kwa hivyo naona unakofikia.

Februari, usiku mmoja, anga ilikuwa wazi, nyota zote nje. Lundo la chupa za plastiki na magunzi lilikuwa likifuka kando ya geti. Moshi ulipita nguzo ya stima, ukapita choo cha mabati, ukafika kwenye paa za kwanza kule chini. Hapo ukasimama. Halafu ukaanza kupanda! Ukarudi hadi kwenye nguzo, na kile kibaridi kilichokuwa kikinipiga kisogoni kikakatika. Punde kikaanza tena, na moshi ukashuka tena. Nilitazama saa ya simu: kwenda na kurudi, kama dakika ishirini. Uliendelea hivyo hadi karibu na adhana ya alfajiri. Kule chini kulikuwa na mtoto anakohoa. Kila moshi uliposhuka, nilimsikia.

Nilimsimulia binti yangu, anayesomea fizikia. Akaniambia ardhi ikipoteza joto lake usiku usio na mawingu, hewa inayoigusa hupoa, ikawa nzito, ikateremka kama maji. Lakini hewa inaposhuka hubanwa ikapata joto, kiasi cha digrii moja kwa kila mita 100. Ikishuka kupita kiasi inajikuta nyepesi kuliko baridi iliyotangulia kulala bondeni, nayo inasukumwa juu. Huko inapoa, inashuka tena, kama bembea. Mtaalamu wa hali ya hewa Mmarekani, Richard McNider, aliyaeleza haya mwaka wa 1982. Mteremko ukiwa mkali bembea huenda mbio, ukiwa wa taratibu huchelewa. Juu ya hewa hiyo baridi hukaa hewa yenye joto zaidi, kama kifuniko cha sufuria, na moshi haupati pa kutokea.

Wengi hudhani mambo haya ni ya Julai. Julai mawingu hutufunika kama blanketi. Usiku wa kuchunga ni ule mkavu wa Januari na Februari. Ni Januari, mwaka wa 2012, jalidi ilipounguza majani chai kule Kericho.

Plastiki isichomwe saa yoyote. Majani na karatasi, kama hamna pengine pa kuzipeleka, zingojeni hadi saa nne asubuhi, jua likishapasha mteremko na hewa imeanza kupanda.

Asubuhi ile nilishuka kununua chai. Mama wa yule mtoto alikuwa ameziba kila tundu la mabati kwa matambara ili moshi wetu usiingie, na ndani jiko la makaa lilikuwa bado linawaka. Nilimsihi afungue mlango kwanza, ndipo tukasalimiana.

Mlinzi wa usiku,
Mathare, Nairobi