Kwa wanafunzi wa uanahabari mnaotafuta pa kufunzwa kazi jijini Nairobi

Wanangu,

Jumamosi iliyopita watatu wenu mlinikuta katika maktaba ya Kaloleni, mkaniwekea mezani bahasha kumi na mbili. Nilifungua nne, na zote zilikuwa na barua ile ile: kwa yeyote anayehusika, naomba nafasi ya atachimenti katika kampuni yenu yenye sifa. Jina la kampuni tu ndilo lililobadilika. Kisha mkaniuliza, "Mzee, huko ndani unamjua nani?" Siku hiyo sikuwajibu ipasavyo kwa sababu watu walikuwa wakisoma na tulikuwa tumeanza kuwasumbua. Nawajibu sasa kwa maandishi, ili na wenzenu wa mwaka wa tatu waliobaki nyumbani wapate kusoma.

Nimezeekea kwenye meza ya habari za Kiswahili, miaka mingi nikisanifu kazi za wengine. Barua za wanafunzi zilikuwa zikiletwa kwangu. Ilipokaribia Mei, vyuo vikitoa wanafunzi wa mafunzo kwa mpigo mmoja, zilikuwa zikija kwa mafungu, nami nilikuwa nikizitia kwenye droo ya chini. Sikuzisoma. Niliowachukua ni wale walioletwa na mtu wa ofisini, au aliyetokea mlangoni siku nimekosa wa kumtuma mahakamani. Lilikuwa kosa langu, na bado linaniuma, maana najua wako vijana wenye kipaji walioishia ndani ya droo ile. Nawaeleza haya ili mjue barua isiyo na jina la mtu huwa inafikia wapi.

Ninalotaka mlishike ni moja. Mnamhitaji mtu atakayeichukua habari uliyoandika, aisome wewe ukiwa umekaa karibu naye, akuonyeshe ilipovunjika, kisha akurudishe ukaiunge. Mkimpata mtu huyo kwenye kituo kidogo cha redio huko Kibera, mmepata mafunzo. Mkimkosa ndani ya jumba refu la Kimathi Street, miezi mitatu imekwenda na nauli imekwenda.

Mimi wangu nilimpata nikiwa na umri kama wenu. Nilimpelekea habari ya bomba la maji lililopasuka Makongeni, aya sita nilizozipiga taipu mwenyewe na kuzionea fahari. Aliweka rula chini ya mstari wa kwanza: "Inasemekana wakazi wa Makongeni wamekasirika." Akaniuliza, "Nani kasema?" Nikajibu, wakazi. "Mmoja wao anaitwa nani?" Sikuwa na jina hata moja. Rula ikashuka. "Maji yamekuwa yakimwagika kwa muda mrefu." "Tangu siku gani?" Nikanyamaza. Rula ikashuka tena. Hakunifokea wala hakuandika neno kwenye karatasi yangu. Alikuwa akiuliza tu, kisha anangoja. Tulipofika mstari wa nne nilichukua daftari nikapanda basi kurudi Makongeni. Hapo karibu na bomba nilimkuta mama muuza uji, akanihesabia siku kwa vidole, akafika tisa. Alinieleza kwamba siku zote hizo alikuwa akinunua maji ya mkokoteni huku ya bomba yakipita miguuni pake kuelekea mtaroni. Habari ilitoka kesho yake ikiwa na aya nne, na jina la mama yule likiwa katika aya ya kwanza. Alasiri ile moja ilinifunza kuliko muhula mzima wa darasani, na nawatakia kila mmoja wenu aketi mbele ya rula kama ile.

Sasa, mtu huyo anapatikanaje? Kwa kusoma na kusikiliza kwanza. Chukueni gazeti la Taifa Leo mwezi mzima, au mfungue redio ile ile kila asubuhi, mwandike kwenye daftari majina ya wanaoripoti mambo mnayoyapenda. Habari za mahakama zina mwenyewe, za kaunti zina mwenyewe, za michezo kadhalika. Mwandikie huyo kwa jina lake. Mweleze habari yake uliyoisoma, siku iliyotoka, na swali lililokubakia baada ya kuisoma. Kisha umwambie ungependa kufunzwa kwenye meza yake, kuanzia tarehe gani hadi gani. Ukurasa mmoja unatosha. Ripota akikupeleka kwa mhariri wake mwenyewe, umeshaivuka ile droo.

Na msiende mikono mitupu. Nendeni na habari mbili mlizozifanya wenyewe, zimekamilika, na nambari za simu za mliozungumza nao zikiwa pembeni ili mhariri akitaka kuhakikisha aweze. Mtaniambia hamna pa kuandikia. Mahakama ya Makadara ipo, na kesi husikizwa hadharani. Kaa kwenye benchi la nyuma kutwa moja, usikilize kesi ndogo ndogo za mitaa yetu, na kama kuna mtoto ndani ya kesi, jina lake usilitaje wala usiandike lolote la kumtambulisha. Bunge la Kaunti lipo. Halafu kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo vijana wengi mnaisoma kwa ajili ya mtihani kisha mnaiacha. Mkenya yeyote anaweza kuiandikia ofisi ya umma akitaka stakabadhi, na ofisi ina siku 21 za kumjibu. Uliza kandarasi ya taa za barabara ya mtaani kwenu ilipewa nani na kwa pesa ngapi. Ukijibiwa, una habari. Ukinyamaziwa, hata kimya chenyewe kina habari ndani yake, mradi nakala ya barua uwe nayo, imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Pa kwenda ni pengi kuliko mnavyodhani. Wengi mnazijua Nation, Standard pale Mombasa Road, Royal Media kule Kilimani na KBC Harry Thuku Road, na kila mwaka mnajazana hapo hapo. Sisemi msijaribu. Ila Pamoja FM iko Kibera na Koch FM iko Korogocho, na redio za mtaa kama hizo hazina watu wengi, kwa hiyo mwanafunzi hupewa kinasa sauti mapema akaambiwa atoke. Atakata sauti mwenyewe, ataandika mwenyewe, na akikosea jina la chifu atasahihishwa njiani na wasikilizaji kabla hajafika nyumbani.

Mnaoandika Kiswahili vizuri, msikifiche kwenye barua kana kwamba ni jambo dogo. Meza za Kiswahili zinawahitaji. Runinga zetu nyingi husoma taarifa ya Kiswahili saa moja jioni na ya Kiingereza saa tatu, maana yake ni kwamba ripota wa Kiswahili ana saa mbili pungufu za kumaliza habari ile ile. Huko mtajifunza wepesi, na mtajifunza kutafsiri taarifa ya polisi iliyoandikwa Kiingereza bila kuiacha inuke Kiingereza.

Makaratasi hayana siri. Chukueni barua ya idara, bima ya ajali ambayo vyuo vingi huitaka, na daftari la mafunzo ambalo msimamizi atatia sahihi. Ulizieni kitambulisho cha mwanafunzi katika Baraza la Vyombo vya Habari, kitawasaidia kupita kwenye malango. Mkitaka kuanza Mei, barua ziondoke Januari. Na msimpigie mhariri simu saa kumi jioni wakati kurasa zinafungwa. Mpigieni asubuhi, mkutano wa kupanga habari ukishakwisha.

Kuhusu pesa nitasema wazi, kwa kuwa watu huona haya kulisema. Nyumba nyingi za habari hazimlipi mwanafunzi. Piga hesabu ya matatu ya kwenda na kurudi, na chakula cha mchana, kwa siku zote za kazi za miezi mitatu, kabla hujakubali nafasi iliyo upande wa pili wa mji. Anayeishi Kayole akipata nafasi Karen atafika amechoka, na habari za jioni zitamweka njiani usiku. Uliza siku ya kwanza kama nauli ya kazi za nje hurudishwa, na nani anaitia sahihi. Hakuna aibu katika swali hilo. Lakini anayekudai pesa ili akuingizie barua ni tapeli, hata akiwa amevaa kitambulisho cha kampuni shingoni.

Na lipo la pesa, lipo na baya zaidi. Binti zangu, na ninyi wavulana pia: atakayekuambia mkutane jioni mahali fulani mzungumzie nafasi yako, usiende. Nafasi huzungumziwa ofisini mchana. Niliwahi kumwona msichana mhodari akiacha mafunzo wiki ya tatu, na sote mezani tulijua sababu, na hakuna aliyefungua mdomo, nami nikiwemo. Hilo nitaulizwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Itakeni muione siku mnapokabidhiwa meza. Likitokea, andikeni tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, mmpelekee msimamizi wenu wa chuo siku hiyo hiyo. Asipowasikiliza, njooni kwangu, na safari hii sitanyamaza.

Mkishaingia, kila siku mtakayotoa habari ombeni dakika tano za aliyeisanifu. Wekeni mlichoandika kando ya kilichochapishwa, muulize kwa nini sentensi ile iliondoka. Wengine watawafukuza, wana kazi. Rudini kesho.

Zile bahasha kumi na mbili nimebaki nazo. Jumamosi hii nitakuwa Kaloleni kuanzia saa nne asubuhi, meza ile ya dirishani. Kila mmoja aje na habari moja ya mtaani kwake, isiyozidi maneno 300, iliyochapwa kwa nafasi pana kati ya mistari. Rula nitakuja nayo.

Mzee wenu,
Buruburu, Nairobi